Walipotaka Nirudishe Msaada wa Wajane

Nyakwara, mjukuu wangu Atieno,

Huku Magunga tu wazima. Mvua imeanza, na shangazi yako anapanda mtama. Umeniuliza kama urudishe ule msaada wa mayatima unaodaiwa, nawe hujaelezwa sababu.

Babu yako alipofariki nilikuwa bado kijana. Nilipokea msaada wa wajane, kisha nikaambiwa niurudishe wote. Kwa hofu nikamfungua ng'ombe nikamuuze. Mke mwenzangu, Adhiambo, akaishika kamba.

"Umekosa nini?"

"Hawakusema."

"Basi twende watuambie."

Ofisini karani alitufukuza, lakini Adhiambo aliketi, akakataa kuondoka. Mwishowe karani akatafuta jina langu. Kumbe niliandikwa kwamba nimekufa, kwa hiyo msaada niliopokea ukahesabiwa kuwa umechukuliwa na mtu asiyestahili.

"Marehemu ndiye huyu," Adhiambo akasema kwa upole.

Deni likafutwa. Njiani nililia, nikifikiri kwamba nilikuwa karibu kukilipia kifo changu mwenyewe kwa kuogopa kuuliza.

Usilipe kwanza. Adhiambo hayupo tena, lakini mimi nipo. Niambie siku ya kwenda ofisini, nije tuketi pamoja.

Ni mimi nyanya yako,
Akoth