Jiwe Ulilolipaka Chokaa

Jumapili, mwezi wa pili, theluji inayeyuka. Mwaka wangu wa arobaini na tatu ugenini.

Kaka Elia,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikingoja marahaba yako kama mtu aliyeshika simu. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nakwenda dirishani, narudi. Chai imepoa. Majibu ya lile jiwe yamefika, nawe hupo wa kuambiwa.

Tangu tulipokuzika (nasema tulipokuzika, ingawa mimi nilisikia kwaya tu kwenye simu ya binti yako Neema) mvua imeharibu barabara ya kushuka Soni, nyanya zinaozea kwenye matenga. Kiwanja changu kimeota magugu. Wewe ulikuwa unakifyeka kila masika, na mtu akiomba kupanda maharage hapo unamjibu, "Hapo pana mwenyewe." Juzi mkeo alinipigia. Akasema kwa upole wake, "Shemeji, Neema anataka kujenga, na hana pa kujenga. Sema neno moja tu, ndiyo au hapana." Sijasema. Ndiyo maana situlii.

Niache nianze na jiwe.

Nilikuomba kipande cha ule mwamba mweupe ulio nyuma ya kiwanja, pale tulipokuwa tukimwanikia Mama mashuka utotoni. Nilikusihi: usikioshe, usikipake kitu. Kikanifikia ndani ya soksi, kimesuguliwa kwa sabuni na kupakwa chokaa ya ukutani kama nyumba inayongoja Krismasi. Nilipolalamika, ulishangaa. "Kitu kitoke kwetu kiende kwa watu na vumbi lake? Mama angesemaje?" Chokaa ile ilichomwa kutoka mawe ya Tanga, nayo yalizaliwa baharini vilevile. Ningeisaga pamoja na jiwe, ningekupa majibu ya bahari nyingine, changa mno. Ikabidi nikate pande zote nibaki na kiini.

Vijana wa maabara nilikostaafu walinipa nafasi. Nilikiyeyusha kiini kwa asidi dhaifu, jamaa ya siki, maana asidi kali huyeyusha pia udongo ulionaswa ndani, na sauti ya udongo huifunika ile ya bahari. Kisha mashine ikapima zile metali adimu ambazo hutembea pamoja kama watoto wa nyumba moja. Unakumbuka nilivyokueleza: katika bahari yenye oksijeni, mmoja wao, seriamu, huwaacha wenzake, hushikamana na chembe zinazozama na kubaki sakafuni. Jiwe linalojijenga kutokana na maji hayo huwa na ndugu wote, na pengo mahali pake.

"Basi huyo ni wewe," ulisema. "Anajulikana kwa kutokuwepo."

Ukacheka hadi ukakohoa. Mimi sikucheka sana.

Pengo lipo, kaka. Linaonekana wazi kwenye mchoro. Mwamba wetu ulikuwa tope jeupe chini ya bahari, kabla samaki hawajakuwepo. Ukafukiwa, ukapikwa ardhini hadi ukawa marumaru, ukainuliwa mpaka pale ukungu unapoupitia asubuhi. Yote hayo hayakuliziba pengo hilo. Kila tulipozungumza uliniuliza, "Ni bahari au si bahari?" Ni bahari. Wale waliokutania sokoni kwamba mdogo wako amekwenda Ulaya kusomea kokoto, ungewajibu leo. Nimechelewa.

Sasa neno la shemeji. Magoti yangu bado yanaweza safari, na nauli ipo. Lakini kila nilipopanga kurudi, nilikuwa napanga kukukuta wewe, umesimama kiwanjani na fyekeo, unanisema kwa kuchelewa. Nimejaribu kukiona kiwanja bila wewe. Naona magugu, naona mwamba, kisha sijui niweke wapi miguu. Na Neema yuko hai, ana watoto, anahitaji paa.

Kesho nitampigia shemeji nimwambie ndiyo. Neema ajenge. Nitaomba jambo moja tu: mwamba usivunjwe kwa ajili ya msingi wa nyumba.

Kipande kilichobaki nakirudisha. Kuna mama wa Lushoto anasafiri mwezi ujao, amekubali kukibeba. Nimekisugua kwa sabuni. Chokaa ya ukutani haipatikani huku kirahisi. Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi hadi nikaipata, nikakipaka, kikakauka, nikakipaka tena. Nimekitia ndani ya soksi. Nimeahidi, na hii ni ahadi nitakayoitimiza: kitafika kaburini, miguuni pako, kisafi, na Mama hatakuwa na la kusema.

Pumzika, kaka yangu. Usiningoje tena pale juu kiwanjani. Mimi sitarudi.

Mdogo wako