Dawa ya Kuku kwenye Kikombe cha Somoe

Nachingwea, Jumapili, mwezi wa Julai. Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kuvaa sweta juu ya sweta. Sasa ni adhuhuri, jua limetoka, lakini mimi bado nimejikunja. Simu iko mapajani, na haya nayaandika kwenye daftari la vipimo. Nimekaa mbele ya cherehani tangu nilipokunywa chai na sijamaliza hata sketi moja ya shule. Namsubiri mdogo wangu Somoe anipigie kutoka Mandawa.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akiniambia kiuno chake ni kilekile cha mwaka jana, namwambia asimame nimpime. Rafiki zangu hunitania kwamba siku nikifika kaburini, mimi ndiye nitakayewahoji malaika. Wacha wacheke. Sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu kwa sababu ya kumwamini.

Somoe ana mimba yake ya kwanza, mwezi wa tano sasa. Miezi ya mwanzo alitapika mpaka tukaogopa. Uji unarudi, maji yanarudi, hata harufu ya sabuni ilikuwa inamtoa mbio. Halafu ghafla nikaambiwa kwenye simu kwamba amepona, anakula vizuri, analala vizuri. Mtu mwingine angesema alhamdulillahi. Mimi nilisema alhamdulillahi, kisha nikajiuliza amepona kwa nini.

Alhamisi nikafunga cherehani nikaenda kumwona.

Nilipoingia uani kwake, kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu. Naijua harufu ile. Mtu anayefanya kazi karibu na stendi hawezi kutoijua, maana kuna vijana wanajificha nyuma ya vibanda wanavuta, halafu wanakuja kwangu kushonewa suruali zilizoungua kwa cheche. Ilikuwa bangi. Nikamtazama Somoe. Alinikumbatia, akacheka, tena kicheko cha polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kisha akarudi mumewe, Hamisi, kutoka shambani. Macho mekundu kama pilipili iliyoiva.

Basi, nikajua kila kitu. Au nilidhani najua. Shemeji anavuta, tena anavuta ndani, mke wake mjamzito amekaa hapohapo anavuta hewa ileile. Nilikula ugali wake kwa adabu, nikamsalimia kwa adabu, na moyoni nilikuwa nimeshamfunga miaka thelathini.

Ijumaa Somoe alikuwa na kliniki, nikamsindikiza. Nesi ni mama wa makamo, sauti ya chini, mikono ya haraka. Alimpima tumbo kwa utepe, akapima tena. Mimi na utepe ni ndugu, nikajua kuna kipimo hakijampendeza. Akasema tumbo ni dogo kuliko miezi, na kwamba Somoe mwenyewe haongezeki uzito inavyotakiwa. Akamuuliza kama anavuta sigara, anakunywa pombe, anatumia bangi au dawa yoyote ya kienyeji. Somoe akajibu hapana kwa kila swali, bila kupepesa macho.

Tulipotoka nje nikasema nimesahau mtandio wangu ndani. Mtandio ulikuwa kwenye mfuko.

Nikamuuliza nesi, kwa ajili ya mtu fulani ninayemfahamu, kama mtu fulani huyo ana mimba na bangi inamfikia, mtoto inakuwaje. Nesi aliniangalia kidogo. Hakuuliza mtu fulani ni nani. Akasema kinachomlevya mama kinapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, iwe umevuta, umetafuna au umechemsha ukanywa. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo, au kabla ya siku zake, na akikua anaweza kupata shida ya kutulia na kushika masomo. Hata moshi wa mtu mwingine si wa kukaa nao.

"Sisemi lazima yampate," akasema. "Wapo wanaozaliwa salama. Ila hakuna kiasi ambacho naweza kukwambia hiki hakina neno. Na huyo mtu wako mwambie aje aniambie. Mimi si polisi. Kama ni kutapika, vidonge ninavyo."

Nikarudi nyumbani nimekaza meno. Jioni Hamisi alipokaa barazani kuvua viatu, sikusubiri hata anywe maji. Nikamwambia shemeji, hiyo bangi yako itamuua mwanao.

Alinishangaa kama mtu aliyesingiziwa wizi wa mbuzi. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, haya macho ni salfa! Tunapulizia mikorosho, ule ugonjwa wa ubwiriunga umeanza. Njoo na mimi kesho, tupige mistari miwili tu, uone kama hutalia kuliko msibani."

Akavua kofia akanipa. Ilikuwa na vumbi la njano na inanuka kiberiti. Mimi mtoto wa kijiji cha Chiola, niliyekulia chini ya mikorosho, baba yangu akirudi na macho yaleyale kila mwaka msimu huu! Nilikuwa nimeingia mjini kidogo tu na nimesahau salfa. Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikamwomba radhi, naye akasema yameisha, lakini nilisikia akimsimulia jirani huku anacheka.

Ila akaongeza jambo. Akasema kama ni ile harufu ya jikoni, hata yeye haipendi, lakini ni dawa ya kuku aliyoileta mkewe kutoka kwa mama mkwe, yaani Mama yetu.

Dawa ya kuku!

Kwetu Chiola, Mama huwa ananing'iniza fungu la majani makavu juu ya mafiga, yapate moshi yasiote kuvu. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikiingia kijijini, anayaloweka kwenye maji ya kuku. Tangu utotoni tunayaita dawa ya kuku, na hakuna aliyewahi kuyaita jina lingine. Yanakaa jikoni pamoja na chumvi. Bangi ni ile inayovutwa na wahuni na inayokamatwa na polisi. Mama yangu ni mtu wa swala tano, hana bangi nyumbani kwake. Nimeishi miaka yote hiyo, nimenusa kwetu, nimenusa stendi, na pua yangu haikuwahi kuunganisha harufu hizo mbili.

Jana Jumamosi asubuhi nikajipa kazi ya kuwachunguza kuku. Somoe ana majike matatu na jogoo mmoja mwenye kilema. Niliyaangalia maji yao. Maji meupe kabisa, yana unyoya tu. Nikaangalia fungu lililoning'inia jikoni: lilikuwa limeliwa zaidi ya nusu. Kuku wanne hawamalizi fungu lile hata wakiugua mwaka mzima.

Nikakaa pembeni nikichambua mbaazi. Somoe akatoa kisufuria kidogo mafigani, akachuja kwenye kikombe, akatia sukari. Nikanyoosha mkono nionje. Akakivuta kikombe kifuani.

"Hii ya mimba, dada. Wewe huna mimba."

Nikamwambia jina la majani yale. Nilimwambia kwa sauti ndogo, kwa sababu ukuta wa jikoni ni matete. Alinitazama kama nimemtukania mama. Kwanza akasema si kweli. Halafu akasema hata kama ni kweli yeye havuti, anakunywa tu. Nikamwambia maneno ya nesi, yote, kama nilivyoyapokea. Akaanza kulia. Akasema akienda kumwambia nesi atafungwa, Hamisi atamwacha, na kutapika kutarudi. Nadhani hofu ya kutapika ndiyo iliyomshika zaidi. Sikumlaumu. Nilikuwepo miezi ile, nilimwona akitambaa kwenda uani.

Mwishowe akasema, "Mpigie Mama."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Mama hana haraka kwenye simu. Tulisalimiana, akauliza wa nyumbani, akauliza ufuta wa watu wa Mandawa ulivyovunwa. Nikamweleza. Akakasirika.

"Wewe mtoto, hao manesi wenu ndo walionizalisha mimi? Mimba yako nimetapika mpaka damu. Marehemu mama akanichemshia hayo hayo majani, nikanywa mpaka nakuzaa. Haya, una nini wewe? Si mzima? Si una cherehani yako?"

Somoe akaniangalia. Kesi ilikuwa imeisha, na shahidi wake nilikuwa mimi.

Mbaazi zilikuwa zinamwagika kutoka mapajani na kuku wanazidonoa.

Kuna hadithi yangu ambayo kwetu inasimuliwa kila sherehe. Kwamba nilizaliwa kabla ya siku zangu, mdogo mno, bibi akanilaza kwenye ungo uliotandikwa kanga, na wanawake wakaja kunitazama wakarudi bila kusema kitu, maana hawakutegemea nitafika Ijumaa. Watu hucheka sana. Nami hucheka. Sababu tuliyopewa ni kwamba mwaka ule kulikuwa na njaa. Kuna hadithi nyingine isiyosimuliwa kwenye sherehe. Ya darasani, ambapo ubao ulikuwa unanikimbia, mwalimu anasema jambo na mimi nimeshalipoteza kabla hajageuka. Nilichapwa kwa uvivu, nikaitwa akili za kuku. Darasa la saba nikafeli. Hata leo, watu wanadhani napima mara mbili kwa sababu sina imani na wateja. Ukweli ni kwamba namba haikai kichwani. Nisipoiandika mkononi kwa chaki, nikigeuka kuchukua mkasi imeshapotea.

Huenda ni njaa. Huenda ni mapenzi ya Mungu tu, mtoto akaja hivyo. Nesi mwenyewe alisema si lazima. Sitajua kamwe, na Mama hakunipa kwa ubaya, yeye na bibi walitaka niishi.

Lakini sikuweza kuacha nitumike kama ushahidi.

Nilipokata simu nikamwambia Somoe yote. Yale ya ungo anayajua. Ya ubao hakuyajua. Amenikuta mkubwa, fundi, dada anayemletea nguo za Idi, hakuwahi kujua kwamba nilikuwa nalia njiani kutoka shule. Nilimwambia sijui kama ni yale majani. Nikamwambia pia kwamba mimi sikuulizwa, na huyo aliye tumboni naye haulizwi, ila mama yake leo anajua jambo ambalo Mama yetu hakulijua.

Somoe akachukua kikombe akakimwaga nyuma ya jiko. Kisha akapanda kwenye kinu, akalitungua lile fungu akanipa.

Alinipa kwa urahisi mno, na hapo ndipo nilipoanza kushuku upya.

Niliweka fungu kwenye mkoba nikaaga. Nimefika barabarani, nasubiri bodaboda ya kunipeleka Ruangwa nipande gari, ndipo akili ikanijia: nimebeba bangi, na mbele kuna kizuizi cha polisi! Fundi cherehani, na hijabu yangu, nikutwe na furushi lile nimwambie askari ni dawa ya kuku? Nilirudi mbio kama mwizi. Kuchoma sikuthubutu, kijiji kizima kingenusa. Nikaingia chooni nikalitumbukiza shimoni, nikatoka nimejifuta uso. Hamisi alikuwa uani anatengeneza bomba la kupulizia. Akaniuliza, shemeji, tumbo? Nikamwambia ndiyo.

Njia nzima nikawaza. Nimetupa fungu moja. Je, kama lilikuwa na ndugu yake chini ya kitanda? Je, kama Mama leo hii amempa mtu lingine apeleke? Mdogo wako anapokupenda hawezi kukukatalia usoni, anakukubalia ili uondoke.

Simu imelia nikiwa naandika aya hiyo.

Alikuwa Somoe. Hakusalimia hata. Alisema, "Dada, imerudi," halafu nikasikia simu inaanguka, nikasikia mdogo wangu anatapika. Nyuma yake Hamisi anasema pole, pole, shika maji. Alitapika kwa muda mrefu. Mimi huku nimesimama katikati ya chumba, machozi yananitoka, nasema alhamdulillahi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa tapishi la mtu.

Alipopata pumzi alisema ameshamwambia mumewe. Kesho Hamisi hatakwenda kupulizia, atampeleka zahanati kwa baiskeli, na Somoe atamwambia nesi kwa mdomo wake mwenyewe, apewe vile vidonge. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema sana. Sauti ilikuwa yake, ile ya haraka, bila kile kicheko cha kuamshwa usingizini.

Nimerudi kwenye cherehani. Nimeshona pindo moja, nikasimama tena.

Kwa sababu nimefikiria jambo. Leo nimeamini kwa kuwa nimemsikia akitapika. Kesho atapewa vidonge, inshallah vitamsaidia, na keshokutwa nikipiga simu ataniambia anakula vizuri, analala vizuri. Maneno yaleyale ya mwanzo. Sitakuwa na tapishi la kusikiliza wala harufu ya kunusa, niko huku na yeye yuko Mandawa.

Itabidi nimwamini tu. Je, nitaweza?