Kazi ya Nchi Tatu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako amepona mguu na amerudi sokoni Kibirizi kugombana na wachuuzi wa dagaa. Sisi wengine hapa Ujiji hatujambo.

Umeuliza kwa nini naogopa wewe kuajiriwa Nairobi wakati mkataba wa Jumuiya unaruhusu. Nitakueleza nilichokiona.

Nilikuwa mwandishi wa habari kijana Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Odhiambo, fundi wa injini kutoka Kisumu, alikuwa ameajiriwa na reli ya Jumuiya hapa Kigoma. Serikali yetu ikaichukua reli, na kazi zikawa za wananchi wake. Nilimkuta karakanani akifanya kazi kama kawaida, huku mkewe akifunga mizigo nyumbani.

"Bwana mdogo, umekuja kunizika?" akanitania.

"Nimekuja kuuliza nani kakufukuza."

"Hakuna. Nilikuwa na mabosi nchi tatu. Leo hakuna anayenijua."

Kisha akapunguza sauti. "Jina langu usiliandike. Mpaka tuondoke watoto bado wanasoma hapa, wasije wakasumbuliwa."

Sikuliandika. Wiki ile ile familia yake yote ilipanda treni kurudi kwao.

Jumuiya ya leo si ile, najua. Lakini nchi hukubaliana pamoja, halafu kila moja huamua peke yake nani afanye kazi kwake. Hilo halijabadilika, ndiyo maana naogopa.

Nenda, mama. Ila usianze kazi kabla hujapata kibali cha kazi cha Kenya, hata mwajiri akisema si lazima. Ukikishika mkononi, nipigie hata usiku. Nitakuwa macho.

Babu yako