Umri Wako Nitausema Mimi

Mpendwa mdogo wangu Njoroge,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya mawe hapa Umoja, kando ya ile nyumba ya pembeni. Tumemaliza kuipiga plasta. Mikono imechoka, kwa hiyo usicheke mwandiko. Ukitaka, wasomee wenzako wa selo kwa sauti. Sina la kuficha humu, na mzazi yeyote mwenye mtoto mrefu kama wewe angefaa kuisikia barua hii.

Siku ile kwa daktari ulitolewa kabla yangu, kichwa umekiinamisha, ukidhani nimeshindwa kukuokoa. Sikushindwa.

Tusizungukezunguke. Shtaka lenu ni la wizi wa mabavu, na adhabu yake ni kunyongwa. Ulikuwako Kiamaiko, kule soko la mbuzi. Panga hukulishika, lakini ulishika kamba ya mbuzi wakati wale wanaume wawili walipomkata mkono mzee mwenye mbuzi. Sitasimama kortini kusema ulikuwa kanisani. Lakini polisi wameandika una miaka ishirini, na huo ni uongo. Waliangalia mabega tu. Mabega hayo ni ya mawe, maana tangu uje kwangu kutoka nyumbani umebeba kuta za nusu ya mtaa huu. Sheria haimnyongi aliyekosa kabla ya kufikisha miaka kumi na minane. Wewe una kumi na saba. Cheti cha kuzaliwa huna, wazazi tumewazika wote wawili, na ndiyo maana hakimu akaamuru daktari akupime umri.

Nilifurahi nilipoambiwa jamaa mmoja anaruhusiwa kuwepo. Unakumbuka daktari alivyoanza?

"Mfungue pingu."

"Daktari, huyu ni hatari," askari akasema. "Ona kifua hicho. Hilo ni jibaba!"

"Kama umri wake umeshaujua, afande, umeniletea wa nini? Fungua."

Kisha akakugeukia. "Kijana, leo mimi si daktari wako. Nimetumwa na korti. Ukinieleza habari za kesi naweza kuulizwa, na nitalazimika kujibu. Kwa hiyo usinieleze. Unakubali nikuguse?"

Ulinitazama mimi kwanza. Nadhani tangu ukamatwe hakuna mtu aliyekuwa amekuomba ruhusa ya jambo lolote.

Akakufungua mdomo, akatafuta magego ya mwisho kule nyuma kabisa. Mimi nilikuwa nikimwona mtoto aliyenililia kwa sababu jino lake la kwanza kung'oka lilirushwa juu ya paa likateleza, likaanguka uani, na kuku akalimeza. Ulisema sasa meno yako yataota kwa kuku. Nilicheka mle ndani, askari akanikodolea macho. Daktari akakupima urefu, akaangalia ndevu ambazo huna, halafu ukapelekwa kupigwa picha ya mifupa ya kiganja.

Ulipokwisha kutolewa, nilimwangukia. "Daktari, nakusihi, andika kumi na sita tumalize."

Hakunikemea. Alishika picha yako kwenye mwanga wa dirisha. "Mifupa yake inasema kati ya kumi na sita na kumi na tisa. Hayo ndiyo nitakayoandika."

"Lakini sheria inakata pale pale katikati!"

"Najua inapokata. Sikuikata mimi." Akaiweka picha chini. "Sikiliza, bwana. Mzee mwenye mbuzi pia aliletwa hapa. Kidonda chake sikukiongeza hata kidogo, wala sikukipunguza. Mdogo wako nikimpunguzia mwaka mmoja leo, siku nyingine mtu mwingine ataniomba nimwongezee kijana wake miwili. Halafu neno langu kortini litakuwa la nini? Mfupa haujui siku mtu aliyozaliwa. Mtafute anayejua."

Nilitoka na hasira hata sikuaga. Nikatembea hadi chumbani kwangu nikimlaani. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, ufunguo mkononi, nilipoyasikia upya maneno yake ya mwisho. Anayejua ni mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania mbele ya mafundi? "Profesa wa Standadi Faivu, niaje? Leo simiti ni mifuko mingapi, ama vidole vimeisha?" Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilikwambia niliacha shule kwa sababu hesabu zilinishinda. Si kweli. Hesabu nilizipenda. Mama aliugua baada ya kukuzaa wewe, akalala hadi mahindi yakavunwa, na mtu alitakiwa kukubeba. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mwalimu wa darasa la tano alikuja nyumbani kuniulizia, akanikuta uani nakoroga uji, wewe mgongoni umefungwa kwa leso ya mama, unanyonya kola ya shati langu la shule.

"Kumbe huyu ndiye aliyechukua dawati lako," akasema.

Sikukwambia haya kwa sababu ungeanza kuishi kwangu kama mgeni, unaomba ruhusa ya kuongeza ugali. Afadhali ulivyonitania.

Jumamosi nilikwenda nyumbani, kijijini kwetu. Mwalimu amestaafu, miguu imemvimba, lakini kichwa ni kizima. Nilipotaja jina lako akauliza, "Yule wa dawati?" Mwaka ule anaujua vizuri kwa sababu ndio aliofika pale shuleni. Alikuwa mgeni, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kupotea. Atakuja kutoa ushahidi. Nitampokea stesheni mwenyewe.

Nyapara ameniambia nikikosa kazini siku ya kesi nisirudi. Basi sitarudi. Mawe Nairobi hayajaisha.

Daktari atasema ya mifupa, wala hatasema zaidi. Sasa namshukuru, maana hakimu atamwamini, na akimwamini yeye atatusikiliza na sisi. Kisha nitaapa mimi. Mwendesha mashtaka ataniuliza mtu wa darasa la tano anajuaje miaka ya mwenzake. Nitamjibu kwamba darasa la tano lilikuwa langu, na lilikoma siku huyu kijana alipowekwa mgongoni kwangu. Mwaka huo siwezi kuukosea.

Ukiepuka kamba, usidhani mkono wa yule mzee umepona. Adhabu utakayopewa utaitumikia, na ukitoka tutakwenda kwake pamoja.

Kwa sasa nina ombi moja. Siku hiyo usijikunje kizimbani ili uonekane mdogo. Wewe simama, Njoroge. Simama urefu wako wote.

Mimi kaka yako,
niliyekubeba.