Kitabu cha Kliniki cha Wifi

Jumatatu, 9 Juni

Kliniki leo. Nilikaa benchi la mbele tangu saa mbili asubuhi. Nesi akaita "Zuhura Bakari" mara mbili, mie nikageuka kutazama ni nani huyo asiyesikia. Kumbe naitwa mie. Nikainuka na aibu yangu.

Jina langu naliandika hapa, maana kwengine haliandikwi. Raya Hamad, mzaliwa wa Wete, Pemba, mke wa Twaha Bakari wa Muyeye. Mimba ya wiki ishirini. Zuhura ni wifi yangu, dada mkubwa wa Twaha. Kadi ya bima ni yake, kitabu cha kliniki kina jina lake. Mie nimeleta tumbo tu.

Ombi la kibali changu cha kuishi nchi hii liko uhamiaji tangu Januari. Bila kibali sipati kitambulisho cha mgeni. Bila kitambulisho bima hawanisajili. Twaha ni fundi wa mafriji, kazi zenyewe za kubahatisha. Wifi alipotuona tunahangaika akasema, chukua kadi yangu. Nyumba hii huazimana kila kitu: masufuria, mabuibui, dhahabu za harusini. Kuazimana jina hakuna aliyeona ajabu. Hata mie sikuona.

Jumatatu, 7 Julai

Wiki ishirini na nne. Kila nikifika dirishani nampigia wifi, ananisomea nambari ya siri ambayo bima humtumia kwenye simu yake, nami naitaja kana kwamba ni yangu. Leo alikuwa anakaanga viazi vyake vya biashara, akachelewa kupokea. Karani akanitazama, akatazama kadi, akanitazama tena. Nikainamia simu mpaka wifi akapokea.

Nesi ni mgeni hapo kliniki. Mnene, mpole, kachomeka kalamu mbili nyweleni. Akaona pahali pa kundi la damu pako tupu, akalitafuta faili la wifi la uzazi wake wa mwisho, akanakili humo. Mimba ya tatu. Damu O chanya. Hakunipima. Alisema hakuna haja, damu ya mtu haibadiliki. Nikaitikia.

Wifi ana watoto wawili, wote wako shule. Mie niliyoibeba kabla ya hii iliharibika kule Wete, ya miezi mitatu. Hiyo haimo kitabuni.

Sijui kwa nini nimerudi nyumbani na moyo mzito. Kila mtu ameniambia niko sawa.

Jumanne, 22 Julai

Mama kapiga simu. Maswali yake ya siku zote, nakula nini, miguu imevimba, Twaha anarudi mapema? Halafu akasema, kwa kupita tu, niwakumbushe kliniki wanichome ile sindano ya kumkinga mtoto, kwa vile damu yangu ni hasi kama yake.

Nikamuuliza kayajua wapi. Akasema nilipimwa nilipolazwa na malaria, niko darasa la sita, yeye amekaa pembeni ya kitanda. Alinizaa mie, baada yangu akazika watatu. Daktari alimwambia mwisho wa yote kwamba ilikuwa damu, yake na ya watoto hazikupatana. Wale ndugu zangu nawajua kwa makaburi tu. Miaka yote hii hakuna aliyenieleza kisa chake.

Niliaga upesi. Nikakitoa kitabu chini ya godoro. O chanya, kwa mwandiko mzuri wa nesi. Damu ya wifi.

Naogopa. Sina neno jengine.

Ijumaa, 25 Julai

Nimewaambia baada ya chakula cha mchana. Twaha aliosha mikono mara ya pili. Kisha akasema nisubiri. Uhamiaji wanakuja nyumbani Jumatano kukagua kama ndoa yetu ni ya kweli. Ikijulikana nimetumia kadi ya mtu, faili litatupwa, mie nitarudishwa Pemba. Jumatano ipite kwanza.

Wifi ndiye aliyekuwa mkali. Akaniuliza akifungwa yeye, wanawe nitawalea mie? Ana haki. Alinipa kwa moyo safi, na sasa namwambia alichonipa kinaweza kumuua mwanangu.

Kule kliniki kuna karatasi ukutani. Mwenye damu hasi achomwe sindano wiki ya ishirini na nane. Nimebakiwa na siku kumi. Nimekasirika na wote wawili, na nimewapikia chai.

Jumatano, 30 Julai

Afisa wa uhamiaji amekuja. Mwanamke, kajitanda mtandio wa kijani, ana adabu zake. Akala kaimati mbili akazisifu. Akauliza Twaha hulala upande gani, anapenda mboga gani, nani alisimamia nikahi. Tulijibu vizuri. Nilianza hata kupumua.

Halafu akalitazama tumbo langu, akacheka. "Bibi, ushahidi wenyewe si ndio huo? Nipe kitabu cha kliniki nikipige picha. Faili lako litatembea upesi."

Nilikuwa nimekaa kitandani, kitabu kiko chini yangu. Wifi alisimama mlangoni na sinia, hakusogea. Twaha akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Nikasema siendi kliniki.

Akaacha kucheka. Akauliza wiki ngapi. Nikamwambia ishirini na saba. Hata mara moja hujaenda? Hata mara moja. Akaandika muda mrefu sana, bila kuinua uso. Sijui aliandika kwamba mie ni mwongo, au mwanamke asiyemjali mtoto wake, au kwamba mimba hii haina mwenyewe. Akatuaga vizuri. Kaimati ya tatu aliiacha kwenye sahani.

Ushahidi mkubwa kuliko wote tulikuwa nao, na nimeukalia.

Jumatatu, 4 Agosti

Sikumuaga mtu. Nilitoka wifi yuko sokoni.

Wakaita "Zuhura Bakari". Sikuinuka. Wakaita tena, wakampita. Nikakaa mpaka benchi likabaki na mie peke yangu, nikaingia kwa yule nesi mnene nikamwambia mie si Zuhura. Nikasema yote kwa mfululizo, hata ya Wete, hata ya makaburi.

Nilidhani atapiga kelele. Alifunga mlango. Akauliza swali moja tu, damu yako kundi gani. Nikasema kwa maneno ya mama ni hasi. Akanichoma kidole, akatia dawa kwenye kigae, akatikisa. Akakaa kitini polepole.

Hasi.

Akaniambia hana ubavu wa kulificha jambo hili, itabidi mwenye kliniki ajue leo hii. Nikasema najua. Sindano hajanichoma. Ile mimba ya Wete inamtia wasiwasi, anataka kwanza damu ipimwe kwenye maabara kubwa Mombasa. Akakipiga mstari kitabu cha wifi, ukurasa kwa ukurasa, akaniandikia kipya. Aliniuliza jina la baba yangu linaandikwaje.

Nimemwambia Twaha jioni. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Alhamisi, 7 Agosti

Jibu limerudi. Nesi alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Mimba iliyoharibika Wete iliuonyesha mwili wangu damu usiyoijua. Mwili ukatengeneza askari. Askari wapo mpaka leo, na wanaweza kumwendea huyu wakadhani ni adui. Sindano huwazuia wasizaliwe. Waliokwisha kuzaliwa haiwaondoi.

Nikamuuliza, ningesema Juni ingekuwaje? Alisema wangeanza kumwangalia mtoto tangu hapo, wangejua askari walikuwa wangapi. Sasa hajui walianzia wapi. Kanipa barua ya hospitali kubwa, Kilifi.

Wifi aliitwa na mwenye kliniki. Kadi yake imefungwa, na amri ya nini kitafuata itatoka kwa watu wa bima. Alirudi akakaa na beseni lake la viazi, akawa anamenya. Nilimsalimu hakuitikia. Nilikaa chini, nikachukua kisu kingine, nikamenya naye. Tulimenya gunia robo.

Mtoto alicheza sana leo. Sijui kama ni raha au ni dhiki. Namuomba Mungu iwe raha.

Alhamisi, 14 Agosti

Kilifi. Wifi alikuja nami bila kuombwa. Twaha alikuwa Watamu, kapata friji la hoteli, na ni lazima alifanye.

Daktari alinipima kwa mashine, akanisikilizisha moyo. Unapiga. Mtoto bado hajaishiwa damu, alisema, lakini askari wameongezeka kidogo kuliko wiki jana. Nitakuwa nikija kila Alhamisi. Wakizidi, atatolewa kabla ya wakati, pengine Septemba, na huenda akahitaji kuongezewa damu siku hiyo hiyo. Akauliza jamaa gani anaweza kututolea damu, mie na mtoto. Wifi akakunja mkono wa buibui akaunyoosha mkono mezani. Daktari akauliza kundi lake. Akamwambia pole dada, yako ni chanya, haiwafai. Wifi akaushusha mkono, akabaki kauweka mapajani.

Chini karani alijaza fomu, akanisomea. Raya Hamad. Mzaliwa wa Wete. Bima hana. Kibali kinangojwa. Akaniuliza kama kuna pa kusahihisha. Nikamwambia hakuna.

Tulinunua maji, tukakaa kivulini. Wifi akaniambia uhamiaji wamempigia Twaha asubuhi. Faili halijatupwa. Limerudishwa nyuma kuchunguzwa upya, jibu tulitarajie Novemba.

Nikahesabu kwa vidole. Mtoto atalitangulia hilo jibu.