Nusu Sahani ya Koko

Jumapili, Kitengela. Baridi ya Julai. Jua halijatoka tangu asubuhi na upepo umeleta vumbi mpaka ndani ya kabati la vikombe.

Nimekaa jikoni. Vyombo vya mchana bado viko kwenye karai. Mume wangu ametoka na boza, lori lake la kuuza maji, maana kiu ya mtaa huu haijui Jumapili, na watoto wamelala. Nina muda wa kutosha kuosha vyombo lakini siwezi, kwa sababu ya sahani moja. Wacha niandike kwanza.

Mama mkwe wangu alifariki mwezi wa tano. Kwa aliyefika hapa leo: alikuwa Mmaasai wa Mashuuru, na alikuja kukaa nasi baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake. Watoto walimwita Koko, yaani nyanya. Mimi naye tuliitana Pakiteng. Siku niliyoolewa nilisimama mlangoni pake nikakataa kuingia, vile bibi harusi anavyofundishwa kule, mpaka aniahidi kitu. Akaniahidi ng'ombe. Kuanzia hapo mtoaji na mpokeaji wanaitana kwa jina la zawadi hiyo maisha yote, Pakiteng huku, Pakiteng kule. Ng'ombe mwenyewe alikufa na ukame pamoja na wenzake. Jina likabaki.

Sasa hakuna wa kuniita hivyo.

Mimi nililelewa Murang'a kwa githeri, na sioni aibu kusema ndiyo inayotulisha. Jumapili nachemsha mahindi na maharagwe kwa jiko la makaa mpaka yalainike, napakia kwenye mikebe ya siagi iliyokwisha, naweka kwenye friza. Jioni nikitoka dukani, ninakouza misumari na mabati kutwa nzima, natoa mkebe mmoja, nakaanga kitunguu na nyanya za Kimana, natupia viazi viwili na dania, na watu wanakula kabla sijavua viatu. Ni chakula cha mtu asiye na wakati. Koko aliangalia sahani yake na kunicheka. "Pakiteng, nyinyi watu mnakula kama kuku," alisema. "Punje, punje, punje." Sukuma wiki hakuigusa kabisa, alisema yeye si mbuzi. Lakini kila Jumapili ndiye aliyekaa na lile jiko akiongeza makaa, githeri yangu isije ikaungua.

Chakula chake kilikuwa kimoja, ugali na maziwa lala kutoka kwenye kibuyu chake. Alitoka nacho Mashuuru amekipakata, begi la nguo akambebesha mwanawe. Kibuyu cha maziwa hakiguswi na sabuni. Kinasafishwa kwa kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini: unakichoma, unakiingiza kikiwa bado na kaa jekundu, unasugua ndani, kisha unakung'uta majivu. Maziwa yakikaa humo siku mbili tatu yanatoka mazito, yananukia moshi, na mtoto aliyeyazoea haoni tena maana ya maziwa ya pakiti. Aliyeyazoea ni Naserian, kitinda mimba wetu, wa miaka mitano. Koko ndiye aliyempokea kutoka chekechea na kumlisha jioni kabla sisi hatujafika. Mimi nilikuta mtoto ameoga, ameshiba, amelala ndani ya shuka nyekundu ya nyanya yake. Sikuwahi kuona wanavyokula wawili hao.

Koko alianguka asubuhi moja ya mvua akienda kuchukua maziwa kwa jirani. Hakuamka.

Siku za matanga kina mama wa kanisa walijaa humu jikoni. Sitawasema vibaya. Waliwapikia chai watu ambao hata siwajui, wakafua, wakanilazimisha nilale. Na siku ya mwisho, kwa upendo wao wote, wakakuta kibuyu kimening'inia nyuma ya mlango. "Mama Silantoi, hiyo kitu ilikuwa inanuka moshi sana," mmoja aliniambia huku akitabasamu, "lakini tumekusugulia na sabuni mpaka ndani. Sasa iko sawa."

Nilisema asante. Sisi sote tumelelewa kwenye nyumba za sufuria. Niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikakinusa. Kilinuka ndimu, ile ndimu ya sabuni ya vyombo. Nililia kuliko nilivyolia siku tuliyopata habari, na nikafungulia mfereji ili wasinisikie.

Tulimzika Mashuuru. Naserian tulimwacha na dada yangu. Wazee walisema mtoto mdogo asipelekwe kaburini, na mimi nilifurahi kupata sababu. Tuliporudi akauliza Koko ako wapi. Nikamwambia Koko ameenda Mashuuru.

Si uongo. Ndiko aliko.

Tangu hapo Naserian hamalizi chakula. Anapitisha kijiko katikati ya sahani, anakula upande mmoja mpaka penye mstari, kisha anasukuma sahani mbele na kushuka kitini. Nimepika ndengu za kuungwa. Nimepika mukimo wenye majani ya malenge, nikauponda wote kwa mkono wangu. Nimepika chapati siku ya kazi, jambo ambalo katika nyumba hii ni Krismasi, na hata chapati aliikata pande mbili akala moja. Nimembembeleza. Nimemfokea pia, na yale maneno ya mama yangu yamenitoka kinywani kabla sijayazuia, kwamba kuna watoto wanalala njaa. Daktari wa kliniki alimpima akasema nimpe muda. Muda nampa, lakini mashavu yake yanaingia ndani na mimi ndiye ninayemvalisha asubuhi, naona mbavu.

Na ile nusu inayobaki, kila jioni nimekuwa nikiichukua, nalalamika kidogo, namwagia mbwa wa mwenye nyumba.

Wiki hii nikafikiri, labda ni maziwa. Nilienda sokoni kwa akina mama wa Kimaasai wanaouza shanga na dawa za miti. Nikasalimia, "Takwenya," wakaitikia "Iko," na mmoja akacheka jinsi ninavyolitamka. Nikaomba oloirien. Akauliza kibuyu ni cha nani. Nikasema ni cha Pakiteng wangu, alitutoka. Akaacha kucheka. Akanichagulia vijiti vizuri, akavifunga na kamba, akanionyesha kwa mikono namna ya kuzungusha. "Enda polepole, mama," alisema. "Hiyo unapea moshi, hupei moto."

Niliungua vidole viwili na nyumba ikajaa moshi mpaka Silantoi, dada yake Naserian, akafungua madirisha yote huku akikohoa na kunilaumu. Nikatia maziwa. Leo asubuhi nikayaonja. Yalikuwa na moshi, uchungu wa majivu, na chini kabisa, ndimu. Hayakuwa ya Koko. Lakini hayakuwa mbali.

Mchana nikasonga ugali mgumu, vile alivyoupenda yeye. Mume wangu alikunywa funda moja. Akaweka kikombe, akasema anaenda kuangalia matairi ya boza, matairi ambayo hayakuwa na neno lolote, na sikumwona tena. Nilisikia gari likiwaka baadaye. Hajalia mbele yangu hata mara moja tangu tuzike.

Naserian alinusa kikombe chake kabla ya kunywa. Kisha akanitazama na kutabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu mwezi wa tano, akaanza kula kwa haraka, ugali, maziwa, ugali, maziwa. Mimi nimesimama na mwiko mkononi naogopa hata kupumua. Nilikuwa tayari kumshukuru Mungu kwa sauti.

Alipofika katikati akasimama. Akaweka kikombe chenye nusu ya maziwa kando ya nusu ya ugali, akasukuma vyote mbele.

Hasira ikanipanda, siwezi kuficha. Nikasema kwa nguvu, "Kwani wewe nikufanyie nini, Naserian?"

Alinishangaa. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima asiyejua jambo ambalo hata watoto wanalijua.

"Hii ni ya Koko," akasema. "Koko alisema usimalize, unaachia mkubwa. Akikuja kutoka Mashuuru atakula."

Nilikaa chini palepale. Kumbe ndivyo walivyokula. Sahani moja, kikombe kimoja, mtoto kwanza na nyanya baadaye, kila jioni, wakati mimi nahesabu misumari dukani. Alimfundisha adabu ya kwao na mtoto akaishika. Hakuwa amekataa chakula changu hata siku moja. Alikuwa anamwekea mtu. Na kila asubuhi aliamka akakuta sahani imeoshwa, iko mahali pake. Sijui alifikiri ni nani aliyekuwa akija kula.

Na mimi fungu la Pakiteng wangu nimekuwa nikimpa mbwa.

Basi nikamwambia. Nilimshika mikono yake yenye ugali, nikamwambia Koko hayuko safari. Koko alikufa. Tulimzika Mashuuru kando ya boma lake, na hatarudi kula. Silantoi akaanza kulia. Naserian hakulia. Aliiangalia sahani.

"Hata kidogo?" akauliza.

"Hata kidogo, mama."

Akaivuta sahani kwake. Nilifikiri sasa atakula, na moyo wangu mjinga ukaruka. Lakini aliizungusha tu, polepole, mpaka ile nusu ikawa upande wangu. Akasukuma na kikombe.

"Basi kula wewe."

Nikala.

Mimi ambaye tangu mazishi naonja kwa mwiko na kuwaambia watu nimeshiba, nilikula ugali uliopoa na maziwa yenye moshi na ndimu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka na sikuweza kuacha kulia wala kula. Yeye alisimama mbele yangu akihakikisha namaliza, na nilipomaliza akanifuta mdomo kwa kiganja. Halafu akaenda kuchukua ile shuka nyekundu, akajifunika kichwa, na huko ndani nikamsikia ameanza, kilio kidogo, kisha kikubwa. Nilimbeba mpaka akalala. Alikuwa mwepesi mno.

Baba yao akirudi itabidi nimwambie yote. Labda naye atalia, labda ataenda tena kwa matairi. Mahindi ya wiki bado yamo kwenye beseni, yamelowa, na jiko halijawashwa, kwa sababu hakuna wa kukaa nalo akiongeza makaa. Nitaliwasha. Kibuyu nitakipa moshi tena na tena mpaka ndimu itoke. Na sahani hiyo nitaiosha, naahidi, nikimaliza sentensi hii au inayofuata.

Iko hapo kwenye karai. Haina hata punje.

Aliyenipa ng'ombe nilimwita Pakiteng. Huyu aliyenipa nusu ya ugali wake nitamwita nani?