Njiwa Alikuwa Magari Mawili

Baba,

Sijui mtu aliye huko ulipo huandikiwa salamu gani, kwa hiyo naanza kama nilivyokuwa nikianza kila nikikupigia simu kutoka kazini: ni mimi Zuhura, na nyumbani wote tupo.

Mama alimaliza eda salama. Siku ya kwanza kutoka nje alijifunga leso ya zambarau, akakaa barazani, akawa anatazama pale ulipokuwa ukimwegesha Njiwa. Pamebaki alama nyeusi ya oili, na majirani wameshaanza kuanika nguo hapo, maana Kaloleni nafasi haikai bure. Kisha akaniuliza, "Gari la baba yako litarudi lini?"

Kwa ajili ya swali hilo ndiyo nakuandikia. Yametokea mambo kuhusu Njiwa, na mtu niliyetaka kumuuliza ni wewe.

Unakumbuka ulimwacha kwa Mzee Mwaniki, kwenye gereji yake ya kunyoosha bodi za magari kule nyuma ya Gikomba. Ulipostaafu reli ulimfunua turubai lililomfunika miaka yote ile, ukatuambia sasa unataka awe kama siku ulipomnunua. Tulikucheka kidogo. Halafu moyo wako ukasimama, ghafla tu, asubuhi ukiwa unafunga viatu, na Njiwa akabaki huko akiwa hana milango wala viti.

Mzee Mwaniki alikuja mazikoni. Alisimama makaburini hadi mwisho, kofia mkononi, akatia mchanga pamoja na wanao. Aliniambia, "Msichana wangu, hiyo gari ya baba yako nitaimaliza kama yangu." Nilimwamini. Wewe ulikuwa ukisema mtu huyu ana masikio mkononi, anapapasa bati anajua limeumia wapi.

Basi nikaanza kwenda gereji. Mara rangi haijapatikana. Mara stima zimepotea na kompresa ya kupulizia rangi haifanyi kazi. Mara mvua, rangi haikauki. "Njoo Jumatatu, msichana wangu." Jumatatu nafika, namkuta amekaa kwenye kiti chake mlangoni, ananiagizia chai, ananisimulia habari zako za ujana, natoka pale nimesahau kukasirika. Nikifika kituoni ndipo nakumbuka kwamba gari lenyewe sikuonyeshwa.

Siku moja akanipigia mwenyewe. Njiwa yuko tayari.

Baba, alipendeza. Rangi ile ile ya kijivu, laini, unaona uso wako kwenye mlango. Nilipomfikisha Kaloleni watu walitoka majumbani. Mama alipitisha kiganja juu ya buti kama anayempapasa mtoto aliyelala, akaingia, akakaa mahali pake pa siku zote, akasema tumpeleke kwa dada yake Buruburu.

Hatukufika. Kwenye barabara ya Jogoo nilihisi usukani unanivuta kushoto, nikadhani ni mimi sijazoea. Tulipopanda tuta la kwanza nikasikia mlio chini ya miguu yetu, kama ukuni mkavu unaovunjwa. Nikaegesha kando. Mlango wa Mama ukakataa kufunguka. Nilivuta kwa nje, mpita njia mmoja akavuta, wapi. Ikabidi Mama atokee upande wangu, amekusanya buibui lake, anacheka kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Lakini alipokanyaga chini aliniambia, "Mimi simo tena humo." Nikamrudisha nyumbani kwa teksi.

Gari lilivutwa hadi kwa mchomeleaji mmoja karibu na soko la Kariokor, jina lake Otieno, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Hakufungua hata boneti. Alichukua sumaku ndogo, akaiweka kwenye paa, ikashika. Akaiweka kwenye mlango, ikashika. Akaiweka pale chini, kwenye ule ukingo unaokanyagwa ukiingia garini. Ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena.

"Dada, hapa hakuna chuma," akasema. "Hii ni puti tu."

Akakwangua. Ile rangi nzuri ikatoka, puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, ikatoka mapande mapande kama sima iliyopoa, na ndani yake mlikuwa na wavu na makaratasi. Kisha akalala chini na taa, akaniita nami nikalala pale kwenye vumbi na nguo zangu za kazini. Alinionyesha mshono. Ulianza upande mmoja wa sakafu ukaishia upande wa pili, chini ya viti vya mbele.

"Hii gari ni mbili," Otieno akasema. "Mtu alichukua mbele ya moja na nyuma ya ingine, akaziunga. Kitambo sana. Na huyu wa juzi ameona, akafunika."

Baba, nilibaki nimelala pale chini. Niliona safari ya Mombasa, sisi watoto tumejazana nyuma, wewe unaimba, Mama anamenya machungwa na kukulisha kipande kimoja kimoja ili usitoe mikono kwenye usukani. Ulikuwa ukitwambia tufunge milango ya Njiwa kama tunafunga chumba cha mgonjwa. Nilidhani unampenda tu.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Mwaniki. Sikukubali chai. Nilimwambia nimeuona mshono na nimeiona puti. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, kisha akasema, "Ni baba yako alitaka hivyo. Aliniambia, Mwaniki, funika, ipake rangi, mama watoto asijue alikuwa amekaa juu ya nini."

Hapo ndipo uliponiacha, au niseme hapo ndipo nilipokupoteza mara ya pili. Nilitoka gereji nikapita katikati ya maseremala wa Gikomba, nagongana na watu, naambiwa nipishe mkokoteni, sisikii. Kwa wiki nzima na zaidi nilikuwa nakukasirikia wewe, mtu aliye kaburini. Nikisali nilikuombea kama kawaida, lakini nikimaliza nakuuliza. Ulijua? Ulijua na ukataka Mama apande hivyo hivyo? Na kama Mwaniki anadanganya, nitajuaje? Wewe huwezi kupokea simu.

Mama aliniuliza habari za gari, nikamwambia linasubiri kifaa. Akaniuliza tena. Mara ya tatu akaweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchambua, akasema, "Zuhura, mimi si mgonjwa. Sema."

Nikamwambia yote, hata neno la Mwaniki.

Hakulia. Alifikiri kwanza. Halafu akanikumbusha kile kipindi nilipokuwa darasa la nne, ulipoacha kutubeba kwa Njiwa. Sisi tulidhani ni uchoyo wa petroli, tukawa tunakuteta chini kwa chini tukipelekwa shule kwa miguu. Kumbe siku moja ulimpeleka kutengenezwa ekzosi, lile bomba la moshi la chini, ukarudi umebadilika uso, ukamwambia Mama, "Sitawabeba tena watoto kwenye hili gari." Alipokuuliza sababu ulisema injini imechoka. Ukalifunika turubai, na mambo yakaishia hapo.

"Basi siku hiyo ndipo alipouona mshono," Mama akasema. "Na kama angetaka kufunika, vile vyuma alinunua vya nini?"

Vyuma gani, nikamuuliza. Akasema ulipostaafu, mtu wa mkokoteni alileta kutoka Gikomba vyuma viwili virefu vilivyokunjwa kwa mashine, Mama akadhani ni vya kuezekea jiko. Alimpa yule mtu maji ya kunywa. Ukavipiga mstari wa rangi ya kijani kwenye ncha, kama ulivyopiga kila nyundo na kila spana yako tangu enzi za reli ili isipotee, kisha ukavipeleka kwa Mwaniki.

Tulikwenda wote wawili. Mama alikuwa hajawahi kukanyaga gereji maishani mwake, akatembea katikati ya magari yaliyobomolewa ameinua buibui kidogo, mafundi wakasimamisha nyundo zao. Hatukuhitaji kutafuta sana. Nyuma ya kibanda kuna tangi la maji la plastiki, na limekalishwa juu ya vyuma viwili virefu, umbo lile lile la ukingo wa chini ya milango ya Njiwa. Kutu ilishaanza kuvila, lakini kijani chako kilikuwa kinaonekana.

Mzee Mwaniki alitukuta tumesimama pale. Alimwamkua Mama, Mama akaitikia, maana adabu ni adabu. Kisha akamwambia bila kupandisha sauti, "Mzee Mwaniki, umemsingizia mtu asiyeweza kukujibu."

Yule mzee aliinua mkono wake wa kulia akautandaza mbele yetu. Ulikuwa unatetemeka, Baba, unatetemeka wenyewe kama jani. "Hauniskii tena," akasema. "Rafiki yangu aliniletea hivi vyuma akaniambia, kata, toa uozo wote, weka vipya. Nilisema sawa. Sikuweza kumwambia kwamba siwezi tena kushika moto wa kuchomelea. Halafu akafa. Nikafikiri nyinyi mtataka tu kuiangalia, kuiweka pale nyumbani iwe kumbukumbu. Sikujua mama ataipanda."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini alishaanza kulifungua tangi mwenyewe, kwa mkono ule ule, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vyetu, na mafundi wake wakaja wakalishusha. Vyuma vikapandishwa mkokoteni. Alitusindikiza hadi barabarani na hakusema kwaheri.

Sijamsamehe, nakwambia ukweli. Namhurumia ule mkono, lakini nikikumbuka Mama ametoka upande wangu, na malori yanapita pale Jogoo, huruma inaniisha. Angesema tu kwamba ameshindwa. Na wewe pia, Baba. Hapa kalamu inanisumbua, lakini nitaandika. Ulitulinda, nashukuru. Lakini ulikubali wanao wakuite mchoyo miaka yote ile kuliko kusema, nilidanganywa, niliuziwa gari bovu nikawabeba ndani yake. Tungekuelewa. Hata wakati ule nikiwa mdogo ningeelewa.

Sasa Njiwa yuko kwa Otieno. Amemkata. Nilienda kuona, nikakuta mbele yake iko huku na nyuma yake iko kule, katikati mtu anapita na ndoo. Vyuma vyako vilisuguliwa kutu. Kimoja kimefaa, kingine kililiwa sana na maji ya lile tangi, imebidi kitengenezwe kipya kwa kukifuata kile. Otieno amesema wazi kwamba Njiwa atasimama na atatembea, lakini safari ndefu hawezi kunihakikishia. Safari ya Mombasa haitakuwepo tena. Nilipomwambia Mama, alisema Mombasa kuna treni.

Hajasema kama atapanda. Simuulizi.

Nilipomwambia leo kwamba nakuandikia, alikuwa anasuka mkeka wake hapa kando yangu. Akasema, "Mwambie nina hasira naye." Nikaandika. Baada ya kitambo akauliza kama karatasi bado ina nafasi. Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi ongeza kwamba vitunguu vyake vya nyuma ya nyumba vimeota, na mimi navimwagilia."

Pumzika, Baba. Mungu akupanulie mahali hapo ulipo. Rangi sitaipaka. Otieno ameshangaa, lakini nimemwambia aache chini kote kukiwa chuma kitupu, apake mafuta tu kisishike kutu, ili yeyote atakayetaka kuingia kwenye gari lako ainame kwanza aone limeungwa wapi. Na atakayeketi ndani yake, awe Mama au wanangu, nitamwambia mwenyewe kabla sijawasha injini. Hilo nakuahidi.

Mwanao,
Zuhura